Mtu wa Kumi katika Nyumba ya Mzee Shaame

Nchi ya Ukomo nimeiona kwa macho yangu. Ukiniuliza nilifikaje, nitakujibu nilifika, basi, maana njia yenyewe haina kisa. Kisa kiko nilikofika. Na kwa kuwa sehemu ya kilichoharibika huko niliiharibu mimi, nitasimulia kama kilivyokuwa, na anayetaka kunilaumu anilaumu.

Kabla ya kustaafu nilikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na mmoja. Kazi yangu ilikuwa kutafuta majalada yaliyopotea. Mtu anakuja kaunta anakaribia kulia, jalada la kiwanja chake halionekani mwaka wa tatu sasa. Mimi naingia ndani, natoka na jalada mkononi na vumbi mpaka kwenye kope. Nilikuwa hodari, sioni sababu ya kuficha. Ubaya wa kazi ile ni kwamba inamtia mtu kimbelembele. Nikisikia mahali kuna mtu amekwama, mikono inaniwasha.

Watu wa Ukomo ni waungwana kupita kiasi. Wakikusalimu wanakuuliza mpaka hali za majirani zako usiowapenda. Mitaa yao inafagiwa mara mbili kwa siku, na sikusikia mtu akigomba hadharani. Jambo la kwanza unaloliona ni vibao. Kila nyumba ina vibao viwili juu ya mlango, kimoja cha mti na kimoja cha chuma, na kila kimoja kina tarakimu. Cha mti kinaonyesha ukomo laini, yaani idadi ya watu ambao nyumba ile inaruhusiwa kuwa nao. Cha chuma kinaonyesha ukomo mgumu. Ule laini unaweza kuupandisha na kuushusha mwenyewe. Unakwenda Dirishani, ofisini kwa karani wa hesabu, unasema, unaandikiwa, mradi usiupite ule mgumu. Ule mgumu nao unaruhusiwa kuushusha siku yoyote, wala hakuna atakayekuuliza kwa nini. Kuupandisha ndiko usikokuweza. Katika nchi nzima anayeweza ni mmoja, anaitwa Mzizi.

Nilimuuliza kila niliyekutana naye kama amewahi kumwona huyo Mzizi. Walinitazama kwa huruma. Ofisi yake niliiona, jengo zuri lenye ngazi, na mlangoni pameandikwa kwamba anayeruhusiwa kuingia ni Mzizi.

Sheria hii wanaieleza hivi, na lazima nikiri haikuanza kwa upumbavu. Zamani palikuwa na nyumba moja ambayo kila mtu wake alizaa wawili asubuhi, na wale wawili kabla ya adhuhuri kila mmoja akazaa wawili, na hao nao hivyo hivyo. Kufika alasiri nchi ilikuwa imejaa watu wa nyumba moja. Visima vilikauka, njia zikaziba, hakuna aliyeweza hata kuinua mkono. Mzizi mwenyewe ilimchukua siku nzima kupenya mpaka kufika barazani kwake. Tangu siku hiyo hakuna mtu anayezaliwa Ukomo bila nafasi, nami nataka unielewe vizuri: si kwamba anazaliwa halafu wazazi wanashitakiwa. Hazaliwi. Mama au baba anaomba nafasi Dirishani, nafasi ikitoka uchungu unaanza, isipotoka, hauanzi. Mama anaendelea kubeba.

Langoni walinipangia nyumba ya Mzee Shaame. Nikauliza kama mimi nami nitahesabiwa humo, wakaniambia hapana, mgeni yuko kwenye daftari la lango, nisijipe umuhimu.

Nyumba ya Mzee Shaame ilikuwa na watu sita. Mzee mwenyewe, mrefu, mkavu, asiyependa maneno; dada yake, Bi Mwanahija, ambaye masikio yalikwisha kumwacha; binti yake Siwema; mume wa Siwema, Mshamu; na watoto wao wawili wa kike. Siwema alikuwa na mimba ya miezi kumi na miwili. Narudia, kumi na miwili. Alikuwa amekaa juu ya mkeka, mgongo ukutani, miguu imevimba mpaka vifundo havionekani, akanikaribisha kwa sauti ya mtu anayeokoa pumzi. Mkunga, mama wa makamo aitwaye Bi Chiku, alikuwa akija kila siku, anaweka sikio tumboni, anaondoka bila kusema. Siku ile niliyofika alisema. Alimwita Mshamu uani, nami nikiwa karibu nilisikia: mtoto alikuwa hai bado, lakini mapigo yake yalikuwa yanapungua, na siku zake za kungoja hazizidi tano au sita.

Sasa tazama vibao vya nyumba hii. Cha mti, tisa. Cha chuma, tisa. Watu sita. Hata mtoto wa darasa la kwanza angeona kwamba nafasi tatu zipo. Lakini kila Siwema alipopelekwa Dirishani, alirudi na kikaratasi kile kile: Rasilimali haipatikani kwa sasa. Jaribu tena. Alikuwa navyo arobaini na kitu, amevifunga kwa uzi.

Nikauliza kwa nini cha chuma kiko chini hivyo, maana majirani walikuwa na ishirini, wengine arobaini. Mshamu akainamisha kichwa. Ilibidi Siwema aeleze yeye.

Kumbe kila mwaka wanayo Juma la Kujibana. Nyumba inayoshusha ukomo wake kwa hiari kwa siku saba inapewa cheti chenye nakshi, na jina la mwenye nyumba linasomwa barazani. Mshamu, mwanamume mpole anayependa kusifiwa kidogo, mara moja moja, alipiga hesabu yake vizuri: watu sita, na mtoto anayekuja ni saba, basi tisa inatosha na kubaki. Ukomo wao laini ulikuwa kumi na mbili na mgumu ulikuwa thelathini. Akaenda Dirishani, akasema, "Tisa." Karani akamuuliza kama amemaliza kusema. Akajibu amemaliza. Na sheria ya Ukomo inasema asiyetaja laini wala mgumu amekusudia laini na mgumu pamoja. Cheti alipewa. Kilikuwa kimetundikwa pale sebuleni, na hakuna aliyekuwa na moyo wa kukishusha.

Alilia mbele yangu yule kijana, mbele ya mkewe. Siwema alimwambia anyamaze, anamchosha.

Basi mikono ikaanza kuniwasha. Nikamwambia Mshamu twende Dirishani, tuombe orodha ya majina tuone nani kajaza hizo nafasi tatu. Karani wa Dirisha aliitwa Tindwa, mtu safi, kucha zimekatwa, na alitusikiliza mpaka mwisho. Akasema orodha ipo na kila nyumba ina haki ya kusomewa. Ila inasomwa na msomaji, na msomaji, wakati anasoma, anahesabiwa katika nyumba inayosomewa. Nyumba yetu imejaa. Kwa hiyo msomaji hapatikani kwa sasa.

Nikamuuliza, kwa hiyo nyumba iliyojaa haiwezi kujua kwa nini imejaa?

"Inaweza, ikipungua," akasema Tindwa, na hakuwa anatania.

Nikamwambia tunataka kumwandikia Mzizi. Akatuelekeza kwenye Baraza la Maombi, ambako kwa bahati njema, alisema, suala la vikaratasi vile lilikuwa linajadiliwa siku hiyo hiyo.

Kweli lilikuwa linajadiliwa. Tulikaa kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa kumi. Upande mmoja wa baraza ulishikilia kwamba maneno "kwa sasa" yana maana ya saa hii unayosoma, kwa hiyo mwombaji arudi baada ya saa moja. Upande wa pili ukasema hapana, maana yake ni kizazi hiki. Mzee mmoja mwenye ndevu zilizochanwa alihutubia mpaka jasho likamtoka, akisema kwamba uzuri wa maneno yale ni kuwa hayamkatishi mtu tamaa, na serikali isiyomkatisha mtu tamaa ni serikali yenye huruma. Alipigiwa makofi. Mwingine akakumbusha kwamba miaka miwili iliyopita Mzizi aliwahi kuwapandishia watu wa mtaa mzima, lakini hukumu yake haimfikii aliyekwisha kuwamo ndani. Lazima utoke nyumbani kwako kabisa na kuingia upya ndipo ikushike. Watu wa mtaa ule waliogopa kutoka wasije wakakuta nafasi zao zimechukuliwa, wakabaki ndani, na mpaka leo wanalalamika kwamba hawakupandishiwa. Mwisho wakakubaliana iundwe kamati ya watu kumi na mmoja. Ukumbi wa kamati una ukomo wa wanane. Wakaahirisha.

Tulipofika mlangoni kwao Mshamu aliniambia kwamba angeweza kuhama, au kujitupa kisimani, kama ingesaidia. Lakini alikwisha kuuliza, na popote mtu wa Ukomo aendapo, hesabu yake inabaki nyumbani kwao.

Usiku huo sikulala vizuri, na alfajiri nikasikia kitu ambacho asubuhi iliyotangulia nilikuwa nimekisikia bila kukisikiliza. Kila asubuhi mwita majina anapita mlango hadi mlango. Anasimama nje, anataja watu wa nyumba, na kila mmoja anaitika kwamba yupo. Alimtaja Shaame, yupo. Mwanahija, alisukumwa bega, yupo. Siwema, Mshamu, wale watoto wawili. Kisha akaendelea: Ngwali. Faki. Mbarouk. Na kila jina, sauti ya Mzee Shaame kutoka chumbani kwake ilijibu, taratibu, yupo.

Nikamfuata Mshamu bombani alikokuwa ananawa uso. Nikamuuliza Ngwali ni nani.

Akaniambia hao walikuwa shemeji zake, kaka zake Siwema. Walifukiwa wote watatu machimboni, ukuta wa udongo ulipoporomoka, miaka kumi na mmoja iliyopita, kabla yeye hajaoa humo. Wanatajwa kila asubuhi kwa heshima, akasema. Alikuta desturi hiyo na hakuwahi kuiuliza.

"Wanatajwa," nikamwambia, "au wanahesabiwa?"

Mshamu alibaki ameinama, maji yanamchuruzika kidevuni. Kisha akafunga bomba.

Tulikwenda tena kwa Tindwa, safari hii si kuomba orodha bali kuuliza sheria, na sheria haihitaji msomaji. Tindwa akatueleza kama anayeeleza njia ya sokoni. Mtu wa Ukomo akifa haitwi amekufa, anaitwa amemaliza. Aliyemaliza hali, hanywi, hachukui hata kitanda, ila jina lake linabaki kwenye hesabu ya nyumba mpaka yule aliyemwombea nafasi aje mwenyewe Dirishani, asomewe habari ya mwanawe alivyomaliza, na aseme kwa kinywa chake kwamba amepokea. Hakuna wa kumwakilisha. Wana watatu wa Shaame waliombewa nafasi na Shaame. Alipelekewa wito mara tatu, akaupokea wito, na habari hakuja kuipokea.

Mshamu akauliza kama kuna njia nyingine.

"Ipo nyepesi zaidi," Tindwa akasema. "Mzee hana mzazi hai; akimaliza, yeye na wanawe waliomaliza wanahamia kwa Mzizi, na Mzizi hupokea wote papo hapo. Hapo mnapata nafasi nne."

Nimefanya kazi serikalini miaka yote ile, nimesikia mengi kaunta, lakini ile sauti ya upole sijaisahau. Yule mtu alikuwa anatusaidia.

Tuliporudi, Mshamu hakuweza kumkabili mkwewe. Alijaribu, akafika mlangoni, akarudi. Basi nikaingia mimi, mgeni wa siku tatu, na hili ndilo ninalolijutia, si kwa sababu nilikosea hesabu bali kwa sababu sikukosea. Nilikaa mbele ya Mzee Shaame nikamwekea mambo sawasawa kama ninavyomwekea mtu jalada mezani: ukomo tisa, hai sita, waliomaliza watatu, binti yako anakufa, mjukuu wako anakufa, ufunguo unao wewe.

Hakuniuliza nani kanipa ruhusa ya kusema. Aliusugua ukucha wa kidole gumba kwa kidole cha shahada. Nikagundua kwamba halikuwa jambo geni kwake. Alilijua. Alilijua tangu Siwema alipopata kikaratasi cha kwanza.

"Asubuhi wanaitwa," akasema. "Jina la Ngwali linatamkwa na mtu mwingine, si mimi ninayeliota. Nikipokea, haliitwi tena, bwana mgeni. Nitaamka nisikie watu sita tu."

Nikamwambia Siwema ndiye mtoto aliyebaki.

"Najua niliobaki nao," akanijibu kwa ukali, na akageuka ukutani.

Mchana huo hakula. Jioni Siwema aliomba asaidiwe kuinuka, akatambaa kwa ukuta mpaka mlangoni kwa baba yake. Sikusikia alichomwambia, na sikujaribu kusikia. Alitoka baada ya muda mfupi, uso umelowa, akarudi mkekani. Asubuhi ya siku ya nne, baada ya majina kuitwa, Mzee Shaame alitoka amevaa kanzu iliyopigwa pasi. Akasema twende kabla jua halijapanda.

Njiani alitembea mbele yetu. Tulipokaribia Dirisha alisimama, akaniuliza kama ni lazima apokee wote watatu. Nikamwambia nafasi inayohitajika ni moja, hivyo mmoja anatosha. Nilidhani ninampunguzia mzigo. Sikufikiri kwamba hapo nilikuwa nimemwambia achague.

Alikaa chini, juu ya jiwe la mfereji, mtu mzima na kanzu yake safi. Watu wakampita wakimwamkia shikamoo, naye akiwaitikia marahaba, mmoja mmoja. Alikaa hivyo labda nusu saa. Kisha akainuka akasema, kama anayejieleza mbele ya mtu asiyeonekana, kwamba itakuwa Faki. Faki hakuwa mtu wa kununa. Ukimnyima kitu akiwa mdogo anakwenda kucheza.

Tindwa alifungua daftari. Alisoma jina, akasoma siku, akasoma kwamba Faki bin Shaame alimaliza vibaya, chini ya udongo, ukuta wa machimbo ulipoanguka, na kwamba alikuwa wa mwisho kati ya wale watatu, maana alisikika akigonga mpaka adhuhuri. Hilo la kugonga Mzee Shaame hakuwa akilijua. Nilimwona mkono wake ukishika ukingo wa Dirisha. Tindwa akauliza kama amepokea.

"Nimepokea," akasema Mzee Shaame.

Tindwa akapitisha wino juu ya jina. Mshamu akaondoka mbio kumleta mkewe, wakamleta juu ya kiti, watu wanne wamembeba. Siwema akaomba nafasi kwa mara ya arobaini na ngapi sijui, na Tindwa, bila kubadilisha uso, akampa namba. Palepale Siwema akajishika kiuno. Uchungu ulikuwa umeanza.

Nilitoka nje nikasimama juani, na nitasema kweli yangu: nilijisifu. Nilikuwa nimelipata jalada.

Wakamrudisha nyumbani, na Bi Chiku akafanya kazi mpaka alasiri. Mtoto alizaliwa, wa kiume, mkubwa, nywele nyingi, kucha zimeota ndefu kwa kungoja, na hakulia. Bi Chiku alimpulizia, alimsugua, alimning'iniza miguu, alimpulizia tena. Alipotoka uani alipita mbele yangu akiwa na beseni, akasema kwamba mtoto alikuwa hai mpaka anapita njiani, na labda asubuhi ya jana angewahi. Akaenda kumwaga maji.

Asubuhi ya jana mzee alikuwa amegeukia ukuta, mimi ninasubiri ageuke, na Mshamu anazunguka mlangoni. Na siku moja kabla ya hapo tulikuwa barazani tunawasikiliza wale mabwana na "kwa sasa" yao. Nimezihesabu saa hizo mara nyingi kuliko ninavyotaka.

Wakamzika. Sheria ya Ukomo ikafanya kazi yake upesi, kama inavyofanya isipohitajika. Kabla ya magharibi wito uliletwa: mwana wa Siwema alianza na amemaliza, aliyemwombea nafasi afike apokee. Mshamu aliusoma, akaukunja. Alikwenda Dirishani yeye, akamwambia Tindwa kwamba ndiye baba, anaomba apokee badala ya mkewe aliye kitandani. Akajibiwa kwamba nafasi iliombwa na Siwema.

Kesho yake mwita majina alisimama mlangoni. Akataja wale sita. Akataja Ngwali, akajibiwa na mzee. Hakumtaja Faki, alipita juu yake kama asiyewahi kuwapo, akamtaja Mbarouk, akajibiwa. Kisha akasoma, kwa sababu jina lilikuwa halijawekwa: mwana wa Siwema.

Siwema alikuwa amelala. Akajiinua kwa kiwiko, akajibu kwa sauti iliyosikika mpaka nje kwamba yupo.

Mzee Shaame alitoka chumbani kwake. Sijawahi kumwona mtu akienda haraka hivyo kwa magoti yale. Alikaa sakafuni karibu na bintiye, akamshika mkono, akamsihi. Akamwambia mwanangu, nenda kapokee, nenda leo, wakati bado hujalizoea jina. Akamwambia yeye alingoja siku moja, halafu mwezi, halafu ikawa ndiyo nyumba. Akamwambia wewe bado kijana, utataka mwingine, na nyumba imejaa tena, tisa ni tisa. Alisema maneno mengi kuliko niliyomsikia akisema tangu nifike.

"Baba," Siwema akamwambia, "wewe ulipewa miaka kumi na mmoja."

Mzee akaachia mkono wake. Hakumsihi tena, si siku ile wala siku zilizofuata nilizokuwapo, na kila asubuhi nyumba ile ilijibu mara tisa.

Siku ya kuondoka niliagana na Mshamu, nikawaaga watoto. Mzee Shaame alikuwa uani. Nikaanza kumwomba radhi. Akaniambia kwamba hanilaumu, hesabu yangu ilikuwa sahihi. Kisha akaniuliza, kwa kuwa mimi ni mtu wa masjala, kama jina likishapakwa wino kuna namna yoyote ya kulirudisha. Nikamwambia hakuna. Akaitikia kwa kichwa.

Langoni, kila mgeni anayetoka Ukomo anajaza fomu. Wanapenda kujua kama wageni wameridhika. Swali la tano liliuliza kama katika nyumba niliyofikia palitokea upungufu wa nafasi. Nikaandika, ndiyo. La sita likauliza kama nafasi iliyoombwa hatimaye ilipatikana au haikupatikana, na chini yake pameandikwa kwamba jibu liwe neno moja na liwe la kweli.

Nilikaa na kalamu ile muda mrefu mpaka walio nyuma yangu wakaanza kukohoa. Nikaandika: ilipatikana.

Bwana wa lango akaisoma, uso ukamkunjuka. Akanishukuru. Akasema ni nadra sana kupata fomu ya namna hiyo, akawaita wenzake waje waione, na nilipokuwa navuka walikuwa wanatafuta misumari ya kuitundika.